Kikomeo Alichokitoa Mapendo

Kabla hamjafungua skrubu hata moja ya giaboksi, achieni kikomeo. Hilo ndilo kubwa nililonalo la kuwaambia, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa akaenda zake. Waliobaki, vuteni viti, maana nina maneno mengi na chai yangu bado ya moto.

Mimi ni Mama Rehema. Tanga nimezaliwa, Hässelby nimehamia, kule mwisho kabisa wa mstari wa kijani, ambako ukisinzia kwenye treni anakuja kukuamsha dereva mwenyewe. Nilikuja Stockholm msichana, kusomea ufundi wa cherehani. Nikatengeneza cherehani, nikatengeneza mashine za kusagia kahawa na za kukandia unga, na watu walipoacha kutengeneza vitu wakaanza kuvitupa, bosi wetu akageukia bunduki. Ebo, msinikodolee macho! Bunduki za mchezo, zile za airsoft, za betri, zinazotema vipira vya plastiki vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Watu wazima na akili zao timamu wanavaa magwanda Jumapili, wanakwenda msituni kuviziana, kisha wanarudi na matope yao kugombania zamu ya chumba cha kufulia cha jengo zima. Ndugu zangu wa Tanga wakiniuliza kwenye simu nafanya kazi gani, nilikuwa nawaambia fundi wa mashine ndogo ndogo. Uongo uko wapi hapo?

Bosi wetu alikuwa Mswidi mmoja mrefu, mkimya, jina lake Göran. Siku ya kwanza aliniwekea giaboksi mezani, akaniambia nifungue nione. Mimi na kiburi changu cha cherehani, nikaona mabati mawili ya chuma yamefungwa kwa skrubu, basi, kazi gani hiyo? Nikafungua skrubu zote. Nikanyanyua bati la juu. Mtume! Springi iliruka, pistoni ikafuata, na gia moja nikaisikia ikibingirika kuelekea chini ya kabati. Tulitafuta springi asubuhi nzima, tukaja kuikuta ndani ya jagi la maziwa ya kahawa. Göran hakunyanyua hata kichwa. Alikuwa anakula keki yake ya mdalasini, akasema neno moja tu la Kiswidi, "Backspärren", yaani kizuizi cha kurudi nyuma. Mimi nikakibatiza jina la kikomeo, na duka zima, Waswidi kwa Waswahili, wakawa wanasema kikomeo.

Sasa niwaeleze kilichonifanyia fujo ile. Ndani ya giaboksi mota inazungusha gia tatu. Gia ya mwisho inaivuta pistoni nyuma kwa meno yake, pistoni inaibana springi kubwa, meno yakiisha pistoni inaachiwa, inakwenda mbele kwa kishindo, na hewa inakisukuma kipira kitoke. Vizuri. Lakini ukiachia triga katikati, pistoni ikiwa imevutwa nusu? Springi haina subira. Itaisukuma pistoni, pistoni izisukume gia, gia ziisukume mota, na kila kitu kizunguke kinyumenyume. Kikomeo ndicho kinachokataa. Ni kipande cha chuma, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinasukumwa na kijispringi chembamba, na kinakaa ubavuni mwa ile gia ya kwanza inayopokea nguvu ya mota. Gia ikienda mbele, kinaruka jino baada ya jino, ka-ka-ka-ka, sauti ile ile ya friwili ya baiskeli. Gia ikitaka kurudi, kinaiuma, na hairudi.

Ndiyo maana nasema kiachieni kwanza. Inawezekana kimeishikilia springi imebanwa nusu na wewe kwa nje huoni kitu. Toa betri, toa mota, ingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu la mota, kisukume kikomeo kando. Utasikia vrrrr, gia zinarudi zenyewe. Hapo fungua kwa amani, na maziwa ya watu yatabaki maziwa.

Göran alipoanza kusumbuliwa na mgongo alimwajiri fundi mwingine, Mkongo wa Bukavu, Baba Mapendo. Huyu alikuwa fundi wa redio na saa tangu kwao. Alikuja Sweden kama mkimbizi, yeye na binti yake mdogo Mapendo, wawili tu, maana mama wa mtoto alishatangulia mbele ya haki. Walipewa nyumba Bredäng. Siku aliyokuja kuanza kazi aliingia, akaona bunduki zimepangwa ukutani, akarudi mpaka mlangoni.

"Mama Rehema," akaniambia, "mimi nilikimbia ile kitu. Sasa nitaitengeneza?"

Hakupaza sauti wala nini. Aliuliza tu. Göran ndiye aliyepata jibu. Akasema Mama Rehema atafungua ganda la nje, ataitoa giaboksi, na mezani kwako itafika giaboksi peke yake. Ikawa ndiyo desturi yetu tangu siku ile mpaka nilipostaafu: mimi navua, yeye anatibu, mimi navisha. Hakuna bunduki nzima iliyowahi kuwekwa upande wake wa meza. Giaboksi ikishatoka kwenye ganda lake haina sura ya silaha, ukimwonyesha mtu asiyejua atakwambia imetoka ndani ya blenda. Baba Mapendo alikuwa anaishika, anaizungusha mkononi, anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti nzito ya chini, na wateja wa Kiswidi wakawa wanachelewa kuondoka makusudi wamsikilize.

Kwake nilijifunza jinsi vikomeo vinavyokufa, maana mimi nilikuwa najua kuvibadilisha tu. Vile vya chuma laini ncha yake inalika inakuwa duara, kikijaribu kuuma kinateleza, na hapo unasikia baada ya kupiga mlio wa kitu kinachojirudisha ndani. Vingine vinauawa na fundi mwenyewe kwa washa. Mnajua zile washa nyembamba za kuinua gia isisugue bati? Ukizidisha moja tu chini ya ile gia ya kwanza, gia inakaa juu mno, kikomeo kinaishika kwa ncha badala ya kwa bapa lake, na kinakwaruza. Mwenye sikio ataijua. Asiye na sikio ataendelea kupiga mpaka ncha ikatike, na kile kipande kilichokatika kitaingia katikati ya gia zinazozunguka, na humo ndani hakitapona kitu.

Na ninyi na grisi! Mnapaka utadhani siagi kwenye mkate. Grisi nzito kwenye kikomeo inakifanya kichelewe kuuma. Gia inapata nafasi ya kurudi nyuma kidogo, kisha ndiyo inakamatwa, na kila ikikamatwa hivyo ni pigo, jino linapigwa, pini inapigwa, tundu la pini kwenye bati linapanuka. Mwisho kikomeo kinalala upande. Tone moja la mafuta mepesi linatosha. Baba Mapendo alikuwa akiona giaboksi imejazwa grisi anaifuta kwa kitambaa huku anasikitika, "Hii mutoto bameilisha sana," yaani mtoto huyu wamemlisha kupita kiasi.

Kuna jamaa mwingine nilikuwa namsimulia kila fundi mpya. Kijana wa Tensta, mpole, msafi, alikiweka kikomeo kichwa chini miguu juu. Gia zikaumwa pande zote, mbele hazendi, nyuma hazendi. Akabonyeza triga, mota ikaguna. Akabonyeza tena. Alibonyeza kwa imani ya kweli yule mtoto, sijapata kuona. Alipotuletea, swichi ya triga ilikuwa imeyeyuka, na mama yake aliyemsindikiza alikuwa bado na hasira ya mapazia yaliyonuka waya ulioungua. Mama akamuuliza mbele yetu, "Kwani ilipoguna mara ya kwanza ulidhani inasemaje?" Nilimpenda mama yule papo hapo. Kitu kikiguna, acha kubonyeza.

Halafu ikaja homa ya kuvitoa vikomeo kabisa. Vijana waliona kwenye mtandao kwamba bunduki isiyo na kikomeo inapumua, springi haibaki imebanwa, gia zinazunguka laini. Si uongo wote. Kikomeo kikiwa kizima kinaiacha pistoni pale ilipoishia, hata nusu njia, kwa hiyo pigo linalofuata linatoka haraka, na hiyo ndiyo raha yake. Karaha ni kwamba springi inalala imebanwa ndani ya begi wiki nzima na inachoka. Siku hizi pia mna zile saketi zinazoipiga mota breki, na mota zenye sumaku kali ambazo hazigeuzwi ovyo. Mwenye vyote hivyo anaweza kuishi bila kikomeo, ila kaboni za mota yake zitaisha mapema na mota itapata moto. Mwenye mota ya kawaida akikitoa, pistoni inajirudia inavyotaka, gia ya mwisho inaikuta mahali pabaya, jino linagonga jino, na meno ya pistoni yanakwenda moja moja.

Tulibishana sana mimi na Baba Mapendo juu ya hili. Mimi nilikuwa nasema inategemea. Yeye neno "inategemea" alikuwa halitaki.

"Mama Rehema, wewe unaweza kutoa mulango ya nyumba yako kwa sababu unataka hewa?"

"Baba Mapendo, mlango si kikomeo."

"Voilà, umesema mwenyewe. Basi fungua mulango, uache kikomeo."

Na hapo anacheka mwenyewe, anarudi kwenye wimbo wake. Wallahi, ndiyo raha ya kazi hiyo, mtu wa kubishana naye.

Sasa niwaambie kwa nini wimbo ulikatika.

Mapendo alikuwa amekua. Alikuwa ameshafika umri ambao sheria inamruhusu kununua mwenyewe bunduki ya mchezo, anasoma, ana marafiki. Binti mrefu, mcheshi, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, ukimkaripia ndipo Kiswahili kinatoka chote na cha Bukavu kimo. Alikulia kwenye meza ya baba yake nyumbani, akifungua redio na baiskeli. Baba alikuwa amemfundisha kila kitu, mpaka ile tabia yake ya kuipaka kila skrubu iliyokazwa tone la rangi ya kucha, ili ikilegea aione kwa macho. Rangi zenyewe alikuwa ananunua Mapendo, kwa hiyo kazi za Baba Mapendo zilikuwa na skrubu za waridi, za zambarau, za dhahabu, kwa kadiri ya mtindo wa mwaka.

Basi Mapendo akajiunga na wenzake wanaocheza msituni. Akanunua bunduki yake, akaificha stoo ya chini ya jengo ndani ya begi lake. Baba alikwenda kutafuta matairi ya baiskeli ya majira ya baridi, akaliona begi, akalifungua.

Hakufoka. Afadhali angefoka! Alipanda juu, akaketi, akanyamaza. Siku zikapita. Kazini wimbo haupo. Nilimuuliza wakati wa kahawa, akanijibu akitazama kikombe, "Mapendo ameleta ile kitu kwangu."

"Ni za mchezo, Baba Mapendo. Ni hizi hizi zinazotulisha."

"Hizi zinakaa huku. Kule nyumbani nilimuleta ili asizione."

Nikammiminia kahawa nyingine. Wakawa wanaishi nyumba moja wanapishana. Huyu akiingia jikoni yule anatoka. Mapendo akaipandisha bunduki yake chumbani kwake, maana ilishajulikana, siri ya nini tena, na mlango wake ukawa unafungwa muda wote. Kisha Baba Mapendo akaniambia kwamba Mapendo amepata chumba kwa rafiki yake wa Spånga, anataka kuhama.

"Nimesikia akizungumuza kwa simu," akasema. "Mwenyewe hajaniambia. Mutoto wangu ni huyu mumoja, Mama Rehema. Akienda nitabaki nazungumuza na redio."

"Si umwambie asiende?"

"Nimuambie kwa kinywa gani? Kinywa kimeshafunga."

Jumamosi moja nikiwa nyumbani Hässelby, kengele ikalia. Mapendo mlangoni, na kitu amekifunga kwenye taulo.

"Mama Rehema, snälla," akasema kwa Kiswidi chake, ndiyo tafadhali yao hiyo, "nitengenezee. Na usimwambie pappa. Niahidi."

Nikaahidi. Nikafungua taulo, giaboksi. Nikashika bisibisi, nikaingiza kwenye tundu la mota nikiachie kikomeo, bisibisi ikaenda ndani haikugusa kitu. Nikafungua. Meno ya pistoni yamekatika, na mahali pa kikomeo pamebaki tundu tupu.

"Kikomeo kiko wapi?"

"Nimekitoa."

Weee! Nilisimama. "Wewe! Binti wa Baba Mapendo! Katika watu wote wa Stockholm, wewe ndiye wa kutoa kikomeo? Umesoma huko mtandaoni kwenye upuuzi wao?"

"Nej, Mama Rehema. Nilijua pistoni itakufa."

"Sasa?"

Akaanza kuzungusha pete yake kidoleni. "Kuta zetu nyembamba. Nikiijaribu chumbani, pappa anasikia. Ile pah ya kipira kikitoka haimshtui. Anachosikia ni kikomeo. Anakijua, si ndiyo kazi yake? Basi kikianza tu ka-ka-ka, namsikia anaweka kijiko chini. Hali tena. Nikitoka nakuta sahani imejaa, imefunikwa." Akaizungusha tena ile pete. "Nikakitoa, ili ale."

Jamani. Nilicheka, na katikati ya kucheka nikakuta nalia, yeye naye hivyo hivyo, tukashikana pale jikoni. Nimeona giaboksi zimeuawa kwa uzembe, kwa ubishi, kwa grisi, kwa mtandao. Hii pekee ndiyo niliyowahi kuona imeuawa ili mzee amalize chakula chake.

"Na Spånga?" nikamuuliza.

"Nikihama atapumzika," akasema. "Haniangalii hata usoni, Mama Rehema. Nilimletea ninachokipenda na ndicho kilichomkimbiza kwao. Nitafanyaje?"

Nikamwambia aache giaboksi, aende, nitaishughulikia. Niliahidi kutosema, na kusema sikusema. Jumatatu asubuhi niliichukua nikaiweka upande wa Baba Mapendo wa meza, katikati ya nyingine, nikaenda kuchemsha kahawa. Kuweka kitu mezani si kusema. Mnaweza kunipinga, sijali.

Alipoifikia, akaingiza bisibisi kama kawaida, akakosa, akafyonya. "Mwingine huyu wa hewa safi." Kisha akafungua, akageuza bati kwenye taa. Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Kila skrubu ilikuwa na tone la rangi ya kucha, ya kijani iliyokoza. Ndani, tundu la kikomeo lilikuwa limesafishwa na kufutwa, na gia imepangwa vizuri, hakuna iliyokuwa inayumba. Aliyeifanya hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Mama Rehema, huyu muntu ni nani?"

"Mteja."

"Wa wapi?"

"Wa upande wenu huko."

"Anapaka skrubu rangi."

"Wengi wanapaka siku hizi."

"Hapana. Wengi hawapaki." Akaishika giaboksi kwa mikono miwili. "Muntu anayejua kazi hivi hawezi kutoa kikomeo. Amekitoa kwa nini?"

Mnaona nilivyobanwa? Nimeahidi. Nikakoroga kahawa isiyo na sukari. "Mimi sijui, Baba Mapendo. Labda kinapiga kelele. Labda nyumbani kwake kuna mtu mwenye masikio sana, akikisikia anaweka kijiko chini, hali tena."

Alivua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Göran alipita na karatasi zake, akatuona, akageuka akarudi alikotoka, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Baba Mapendo akasema kwa Kifaransa maneno ambayo sikuyaelewa, kisha kwa Kiswahili, taratibu, "Anaharibu mashine yake ili mimi nikule."

"Sikusema hivyo mimi."

"Hapana. Wewe hujasema kitu."

Akafanya kazi ile mchana kutwa. Akaweka pistoni mpya, akachagua kikomeo kutoka kwenye kopo, akakikataa, akachagua kingine, akakipitisha jiwe la kunolea mpaka bapa lake likakaa sawasawa. Mimi nikajitia ujuzi. Nikamwambia, kilainishe basi, weka springi hafifu, ncha ipige msasa iwe ya duara, hakitasikika hata kidogo na mtu wa masikio atakula.

"Mais non, hapana," akasema. "Kikinyamaza hakiumi. Kiache kilie."

Akafunga bati, akakaza skrubu. Akaniomba rangi ya kucha. Nilikuwa na nyekundu.

Jumamosi iliyofuata akanialika kula kwake Bredäng. Nilimkabidhi Mapendo giaboksi yake mlangoni, imefungwa kwenye taulo lile lile, akaninong'oneza asante na kunikonyeza kama wezi wawili. Koridoni maboksi ya kuhamia yalikuwa tayari yamepangwa, tuliyapita kwa ubavu. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Baba Mapendo akapakua ugali na sombe, ndiyo kisamvu chao, tukanawa, tukaanza. Tonge la kwanza, la pili. Mimi nasikiliza ukuta.

Huko ndani alikuwa anaifunga mota na betri. Kisha ikaja, wazi, mpaka kwenye sahani, ka-ka-ka-ka, pah. Ikanyamaza. Akarudia. Na safari hii hata mimi nilisikia, chini ya ule mlio kulikuwa na kitu kinakwaruza.

Nikamtazama Baba Mapendo mkononi. Tonge lilikuwa hewani. Likakaa hapo hewani. Kisha akalitia kinywani, akalitafuna, na mdomo umejaa akapaza sauti:

"Mapendo! Washa moja imezidi!"

Mlango ukafunguka kidogo, kikaja kichwa. Akamtazama baba yake, akanitupia jicho mimi. Mimi nikatazama sombe.

"Vilken?" akauliza kwa Kiswidi. Ipi?

"Chini ya gia ya kwanza. Kikomeo kinashika kwa ncha. Lete hapa." Halafu kwa sauti ya chini zaidi, "Lete ya ndani tu. Ile ya nje iache huko huko. Ile sitaizoea, mutoto wangu, na usinilazimishe."

"Sikulazimishi, papa," akasema, na safari hii kwa Kiswahili.

Akaja nayo. Akatandika gazeti karibu na sahani, akatoa betri, akatoa mota, akakisukuma kikomeo kando kama mtu aliyelelewa vizuri. Vrrrr. Akafungua skrubu zenye rangi yangu nyekundu, na hapo, kwa kuona kila moja ina tone lake, akaanza kuelewa nani aliyezifunga. Akanyanyua gia ya kwanza. Chini yake zilikuwapo washa mbili mahali pa moja. Akaitoa ile ya juu kwa kucha, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akageuka kumtazama baba yake moja kwa moja usoni.

Na mimi nikaelewa wakati ule ule. Miaka yote niliyokaa naye meza moja, sijapata kuona giaboksi imetoka mkononi mwa Baba Mapendo na washa iliyozidi. Haikutokea. Huyu mzee angeweza kuzipanga akiwa amefumba macho.

"Papa," akasema Mapendo, washa bado mkononi, "wewe hukoseagi."

"Ninazeeka," akasema Baba Mapendo. Alikuwa anafinyanga tonge jingine, hakuinua macho. "Inafaa hapa nyumbani pakae muntu wa kunikagua kazi."

Mapendo akavuta kiti, akaketi katikati yetu, akaanza kula kwenye sahani ya baba yake. Yule rafiki wa Spånga nasikia mpaka leo anamsubiri.